Chumvi ya Majivu

Mama hakuwahi kuipenda kazi yangu. Alinisomesha kwa kuuza kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki wa kukausha, akiitazamia siku nitakapovaa koti jeupe nipime watu shinikizo la damu, halafu nikavaa koti jeupe ili nichome panya sindano. Majirani zetu wa mtaa wa Tshopo wakimuuliza mimi ni daktari wa nini, hujibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa habari za msiba: wa panya. Papa yeye ilimchekesha. Nilipokwenda nyumbani Jumapili alinisimamisha kwanza mlangoni, akaninusa mabega, kisha akatangaza kwamba wageni wangu hawajambo. Aliniita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na hadi leo nikisikia mwanamume mtu mzima akimwita msichana hivyo sokoni, nageuka.

Panya wenyewe ni weupe, wenye macho mekundu. Tunawafuga katika chumba kimoja nyuma ya kitivo, chenye madirisha ya waya na feni inayozunguka umeme ukipenda. Tunawafanya wawe wagonjwa wa moyo kwa makusudi. Sijui namna ya kulisema hilo kwa adabu zaidi. Kila siku, kwa majuma kadhaa, tunawadunga dawa inayofanana na ile homoni ambayo mwili humwaga mtu anaposhtuka, na moyo wao, ukilazimishwa kwenda mbio bila sababu, mwishowe huchoka, hutanuka, kuta zake hulegea. Hapo ndipo tunapoanza kutafuta kilichoharibika ndani ya seli, protini ipi imepungua na ipi imezidi. Mtu huwezi kumpasua kifua kila juma ukakata kipande cha moyo wake uone ugonjwa umefika wapi. Panya hana wa kumtetea, basi anaubeba yeye.

Niliipenda kazi hiyo, na bado naipenda, ingawa sasa naifanya kwa namna nyingine.

Papa alikuwa mtu wa mto. Alizaliwa upande wa Yanonge, akaoa Isangi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alisafirisha watu na mizigo kwa baleinière, yale maboti marefu ya mbao yenye injini. Nilipokuwa mdogo nilimjua kwa kelele: alifika, nyumba ikajaa, akaondoka, tukaanza tena kusikiana. Alipoacha mto akahamia kwenye kiti chake uani, akawa anatengeneza vitu vya majirani ambao hawakumwomba. Redio nyingi za mtaa wetu zilikufa mikononi mwake.

Ugonjwa ulianza na viatu. Alikwenda kanisani na kandambili, yeye ambaye hakuwahi kukubali hata mtoto aingie kanisani na kandambili, akasema viatu vimemkataa. Mama akadhani ni ukaidi wa uzee. Mimi nilipofika Jumapili iliyofuata nilimkuta uani amekaa mabega juu, anapumua kwa tumbo, na nikajua kabla sijamsalimu. Panya wangu hukaa hivyo hivyo wanapoanza kushindwa: hujikunja pembeni, manyoya yamesimama, na hawataki kulala ubavu. Nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akaniambia kwamba kwa muda sasa analala ameketi, kwa kuwa akijinyoosha anazama.

Nilimfokea. Nilimuuliza anajua mwanawe anafanya kazi gani au hajui. Alinisikiliza kwa upole, kama alivyokuwa akiwasikiliza abiria waliokasirika, akasema alidhani ni uzee tu na hakutaka kunisumbua kazini kwa panya wangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikarudi nikiwa na hasira bado.

Tulimpeleka hospitali ya Makiso kwa daktari niliyesoma naye, mwanamke makini asiyependa maneno mengi. Papa alikataa pikipiki. Alitaka toleka, teksi za baiskeli, kwa hoja kwamba mwendesha baiskeli akichoka anapunguza mwendo, lakini pikipiki haina huruma na mtu. Basi tulikwenda msafara wa baiskeli, yeye mbele kama chifu. Katika kioo cha mashine niliuona moyo wake. Ulikuwa mkubwa, mlegevu, unatikisika badala ya kukaza. Daktari hakunieleza kitu, nami sikumuuliza.

Alimwandikia kidonge cha kukojoa maji yaliyozidi, na vingine viwili vya kuzuia homoni zinazoufanya mwili ushike chumvi. Hivyo viwili vina tabia moja inayojulikana: vinaizuia potasiamu isitoke mwilini. Potasiamu ni madini yaliyomo katika ndizi na mboga. Moyo hauwezi kupiga bila kiasi chake, na ikizidi, moyo husimama. Kwa hiyo alimwambia apunguze ndizi, jambo lililomuumiza mtu aliyelelewa kwa lituma, ndizi za kuponda. Kisha akamgeukia Mama akamkataza chumvi, na samaki wa chumvi, na vibonge vya mchuzi. Mama aliitikia kila neno kwa kichwa.

Papa alitaka kuelewa. Alikuwa ametengeneza injini maisha yake yote, na hakukubali kuwa na mashine kifuani ambayo hakuna anayeweza kumweleza. Jumapili moja baada ya kanisa nilikaa naye uani nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua. Figo hazijui habari za moyo. Zinachojua ni kwamba damu haitoshi, na tangu watu waanze kuwa watu, damu ikipungua maana yake mtu amejeruhiwa, anavuja. Basi mwili mzima hutoka mbio kumwokoa mtu asiyevuja. Unashika chumvi, unashika maji, unabana mishipa, unauchapa moyo uongeze kasi. Na kila msaada unaoletwa unakuwa mzigo mwingine juu ya moyo ule ule uliochoka. Ndani ya seli nako ni hivyo hivyo: ile pampu ndogo inayorudisha kalsiamu ghalani ili moyo upumzike kati ya pigo na pigo inachapwa mpaka inapungua, na moyo unasahau kupumzika. Nikamwambia kwamba hilo ndilo nililolijua kwa panya. Hawafi kwa sindano zetu peke yake. Wanakufa kwa kusaidiwa.

Papa akanisimulia mambo ya mtoni. Boti likianza kuingiza maji upande mmoja, alisema, hatari kubwa siyo maji. Hatari ni abiria. Wote wanakimbilia upande wa pili ili kuliokoa, na ni wao wanaolipindua.

"Donc," akasema, akijipigapiga kifua, "huku ndani mi niko na bapasaje bajinga."

Abiria wajinga. Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alipoelezwa hakucheka. Alisema haoni ubaya wa mtu kukimbilia kusaidia, akarudi kwenye sufuria yake.

Siku hiyo hiyo Papa aliniuliza panya wanakufaje mwishoni. Huwa sipendi swali hilo, lakini yeye alikuwa na haki nalo. Nikamwambia kwamba tunawapa dawa ya usingizi mpaka hawasikii kitu, tunafungua kifua, kisha tunaudunga moyo tone la maji yenye potasiamu, nao unaachia. Hausimami kwa kujikunja. Unasimama umefunguka, umelegea wote, na ndiyo sababu tunaitumia hiyo, kwa kuwa moyo unabaki na umbo lake na tunaweza kuupima vizuri. Akauliza kama wanaumia. Nikasema hapana.

"Ni kufa muzuri, hiyo," akasema. "Mungu anipatie mi pia."

Nilimwambia aache upuuzi, nikabadili mazungumzo.

Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya kwa sababu ya chakula. Mama ni mpishi anayejulikana mtaani, na samaki wake wa kwenye majani, liboke, wametuletea wageni wengi kuliko tulivyokuwa na viti. Sasa alionja mchuzi usio na chumvi, akafumba macho, akaona aibu kumtengea mume wake kitu kama kile. Papa alikula kidogo kwa heshima, akasukuma sahani. Maji yalikuwa yanamtoka na uvimbe unashuka, lakini na nyama ilikuwa inamtoka pia, mashavu yakaingia ndani. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni akimwangalia anavyochezea chakula, na sijawahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyepigwa na mwenziwe bila kosa. Aliniambia kwamba ugonjwa hautamwua, njaa ndiyo itakayomwua, na watu watasema ni yeye.

Halafu Papa akaanza kula.

Nilimkuta Jumapili moja anafuta sahani kwa kwanga, akaniambia mkono wa mama yako umerudi kutoka safari. Mama alisema amepata njia yake, akatabasamu. Nilionja. Mchuzi ulikuwa na ladha, na nyuma ya ladha ukali fulani wenye uchungu kidogo. Nikamtazama Mama kwa jicho la polisi, naye akaniapia kwa Biblia kwamba chumvi haijaingia, akanionyesha pakiti ya dukani imefungwa juu ya kabati. Nilijua anatumia ndimu na pilipili na majani ya kila namna. Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi kweli, niliomba niongezewe.

Yale yalikuwa majuma mazuri, na nayashika kwa mikono miwili. Miguu yake ilirudi kuwa miguu, viatu vikamkubali. Siku moja alikwenda Wagenia kwa rafiki yake mvuvi, mzee anayetega matenga kwenye mawe ya maporomoko, akashinda juu ya mwamba akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyahitaji, akarudi na samaki mmoja na shati limelowa. Mama alimpika samaki yule siku hiyo hiyo. Papa alikula mpaka kichwa.

Wakati huo akili yangu ilikuwa kwingine, kwa sababu umeme ulikatika mji mzima kwa siku kadhaa, jenereta ya kitivo ikakosa mafuta, na friza yetu ikayeyuka. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mioyo ya panya wote tuliokuwa tumewatia ugonjwa na kuwafuatilia tangu msimu uliopita, vikingoja kupelekwa maabara ya Kinshasa. Nilifungua mlango, maji yakanimwagikia miguuni. Nililia mbele ya wenzangu bila haya, kwa kuwa kumuua mnyama ili ujue kitu ni jambo moja, na kumuua halafu usijue kitu ni dhambi ya aina nyingine.

Kwa hiyo Papa alipoanza kusema kwamba miguu yake imekuwa ya mtu mwingine, haivimbi lakini haina nguvu, nilimsikiliza nikiwa na vipande vyangu vilivyoyeyuka kichwani. Hata hivyo nilimshika mkono nikahesabu mapigo. Yalikuwa ya polepole. Kwa moyo uliokuwa ukikimbia kama mwizi, upole huo ulifanana na kupumzika. Daktari alitaka damu yake ipimwe madini, lakini mashine ya kazi hiyo ilikuwa haina dawa ya kupimia, inangojwa kutoka Kinshasa, na katika mji wetu sentensi hiyo haimshangazi mtu. Tukapanga kumrudisha Jumatatu apigwe picha ya umeme wa moyo.

Alikufa Jumapili asubuhi. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani na viatu, ameketi kwenye kiti chake uani, anamngoja Mama amalize kufunga kitambaa. Mama alimwita mara ya kwanza, akamwita tena, akatoka akitaka kumcheka kwa kusinzia kabla ya mahubiri. Nilipofika alikuwa bado kwenye kiti, hawajakubali kumlaza kabla sijamwona. Uso wake haukuwa umekaza popote. Mikono ilikuwa imefunguka juu ya mapaja. Nilipiga magoti nikamshika miguu, ile miguu iliyokuwa imepona, na sikumbuki vizuri yaliyofuata.

Matanga yalijaa. Watu walipanda mto kutoka Yanonge na Isangi, turubai likafungwa uani, kwaya ikaimba. Kulikuwa na minong'ono, kama inavyokuwa siku zote mtu akifa wakati ameonekana kupona: nani alimwonea wivu, nani alimwekea nini. Mama hakuisikiliza. Alikaa kwenye mkeka na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia jambo lile lile, akimshika mkono ili asikie vizuri.

"Alikula," alisema. "Mpaka siku ya mwisho alikula chakula yangu."

Hilo ndilo lililomshikilia. Wengine hushikiliwa na maandiko, wengine na watoto. Mama alishikiliwa na kwamba mume wake hakuondoka na njaa katika nyumba yake.

Matanga yalipokwisha nilikwenda alasiri moja kumsaidia kurudisha sufuria za watu. Sikumkuta ndani. Nilizunguka nyuma ya jikoni, na juu ya bati niliona mafungu ya kongo ya sika yameanikwa. Ni lile gugu la mtoni lenye maua ya zambarau, linaloelea na kujaza mto mpaka injini za boti zinanaswa. Papa alilichukia kuliko shetani. Chini, kwenye mawe, kulikuwa na chungu kizee kilichotobolewa matundu kitakoni, kimetandikwa majani, kimejaa majivu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye matundu hadi kwenye beseni, ya rangi ya chai. Pembeni yake sufuria ilikuwa inachemka juu ya makaa, maji yamekaribia kukauka, na ukingoni yameacha ukoko wa kijivu. Mama alikuwa anaukwangua kwa kijiko.

Nilimuuliza ni nini hicho. Akanitazama kwa fahari, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ilikuwa chumvi, alisema, chumvi ya kwao, kama mama yake alivyomfundisha kabla chumvi ya maduka haijajaa mtoni: unakausha gugu, unalichoma, unachuja majivu, unachemsha. Anataka kuwafungia wakwe zake wa Yanonge kama shukrani.

"Ile ya magasin inajaza muntu mayi," akasema. "Hii ni mungwa ya bankoko, inatoka ku mayi, inajua mayi. Hii ndiyo mi nilikuwa napikia papa yako."

Mungwa ni chumvi, bankoko ni mababu. Nilisema ahaa. Nadhani nilisema ahaa. Alinifungia kidogo kwenye jani nikaitia mfukoni, na njia nzima niliisikia mfukoni kana kwamba ina moto.

Nilimpelekea mwenzangu wa kemia bila kumwambia inatoka wapi. Aliniletea jibu akicheka, akauliza nimeokota wapi potasiamu chafu namna ile. Chumvi ya kawaida ilikuwamo kidogo tu. Majivu ya mimea ndivyo yalivyo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kunikumbusha. Papa alikuwa anameza vidonge viwili vinavyoizuia potasiamu isitoke, na katika kila sahani iliyopikwa kwa mapenzi alikuwa anaongezewa nyingine. Miguu isiyo na nguvu, mapigo ya polepole, mikono iliyofunguka. Moyo uliachia.

Nasema hivyo, lakini sitajua kamwe kwa hakika. Moyo kama ule ungeweza kusimama siku yoyote kwa sababu zake wenyewe, na hakuna damu iliyopimwa. Mtu wa maabara anapaswa kuishia hapo. Nimejaribu kuishia hapo mara nyingi.

Juma lile lilikuwa juma la kuwamaliza panya wa kundi jipya. Wa kwanza alikuwa amelala mezani, kifua kimefunguliwa, moyo wake unatikisika, na mimi nina sindano ya potasiamu mkononi. Sikuweza. Nilimwomba mwenzangu afanye yeye, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Tangu siku ile kazi hiyo moja hufanywa na mwingine, na hakuna aliyeniuliza sababu.

Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mwili wa Papa ulikuwa na abiria wajinga, na nje ya mwili alikuwako abiria mmoja mwenye akili na mikono mizuri, aliyekimbia kuokoa kuliko wote? Alikuwa na kitu kimoja tu cha kulalia, nacho ni kwamba Papa alikula. Nikaapa kwamba hicho hakitatoka mikononi mwake kwa mdomo wangu. Nilimpenda Papa na sasa nilikuwa nimebakiwa na Mama.

Ningekaa kimya mpaka kaburini kama asingekuja tonton.

Ni mdogo wa Papa, wa tumbo moja. Msimu wa mvua ulipoanza alipanda boti kutoka Yanonge akiwa na kandambili, miguu imejaa, na nilipoambiwa habari za kandambili nilijua yaliyobaki. Magonjwa ya moyo ya namna hiyo mara nyingine hukaa ndani ya ukoo. Mama alimpokea, akampeleka mwenyewe kwa daktari yule yule, akampa chumba. Mimi nilikuwa safarini Kinshasa na vipande vipya vya panya, na niliporudi, nikaenda Tshopo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, nilimkuta tonton amekaa uani katika kiti cha Papa. Mama alikuwa na uhai usoni. Alinivuta kando akaniambia nisiwe na hofu.

"Hii ugonjwa mi naijua sasa," akasema. "Nitamulisha vile nililisha kaka yake."

Nilitazama juu ya bati. Mafungu ya kongo ya sika yalikuwa yamepangwa, mabichi bado, maua hayajanyauka.

Nilimfuata jikoni. Uongo wangu nilikuwa nimeutengeneza zamani kwa ajili ya siku kama hiyo, na niliona ni mzuri: dawa ni nyingi, za huyu siyo za yule. Mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama, tonton asikule ile mungwa ya bankoko. Na dawa yake haipatane. Inaweza kusimamisha moyo."

Aliendelea kutwanga kidogo. Kisha mchi ukasimama ndani ya kinu.

"Na dawa ya papa yako?"

"Ya papa ilikuwa ingine."

Alikuwa anaangalia nyuma yangu, na nikageuka kuona anaangalia nini. Kwenye ubao wa dirisha, pembeni ya glasi ya tonton, yalikuwapo maboksi ya dawa. Niliyatambua kwa mwandiko. Ni mimi niliyekuwa nimeandika juu yake, kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa ili Papa asome bila miwani, asubuhi na jioni. Mama alikuwa ameyaweka kabatini tangu msiba, na daktari, alipoyaona, akamruhusu tonton ayamalize kwanza kwa kuwa dawa ni zile zile. Hilo nilikuwa sijaambiwa bado.

"Bon," Mama akasema, na akaanza tena kutwanga.

Siku iliyofuata mafungu hayakuwapo juu ya bati, wala chungu hakikuwapo kwenye mawe. Sikuuliza vilikwenda wapi. Tonton yuko mpaka leo. Anakula chakula cha ndimu na pilipili, analalamika kila siku kwamba shemeji yake ameharibika mkono, anatembea mpaka sokoni na viatu. Damu yake inapimwa, kwa kuwa ile mashine sasa ina dawa, na majibu nayasoma mimi mwenyewe kabla ya daktari.

Mama naye hatii tena chumvi katika chakula chake, ya dukani wala ya majivu. Hupika sufuria moja, yake na ya tonton. Tonton anadhani ni kwa ajili yake, ili asione upweke, na humshukuru mbele ya wageni, naye humwacha aamini hivyo. Ile hadithi ya kwamba Papa alikula mpaka siku ya mwisho sijaisikia tena mdomoni mwake. Nikienda Jumapili nakaa naye jikoni, ananipakulia, na tunakula kimya kutoka sahani moja.